Njia ya Kuingia, Kiasi cha Kukata

St. Louis, Marekani

Hospitali ya Barnes-Jewish imepakana na Forest Park, na ukisimama kwenye barabara ya Kingshighway huoni alama yoyote ya yaliyotokea hapa. Majengo mapya yameyameza ya zamani. Nimeanzia hapa kwa makusudi. Nataka kuona jinsi saratani ya mapafu iliyogunduliwa mapema inavyoondolewa leo katika nchi mbalimbali, na habari hiyo ina tarehe yake ya kuzaliwa katika mji huu: 5 Aprili 1933.

Siku hiyo daktari Evarts Graham alimpasua daktari mwenzake, James Gilmore, mtaalamu wa uzazi kutoka Pittsburgh, mwenye umri wa miaka 48. Mpango ulikuwa kuondoa pande moja tu la pafu la kushoto. Kifua kilipofunguliwa, uvimbe ukaonekana umekaa pabaya, pale njia za hewa zinapoachana, mahali ambapo usingeweza kulitoa pande moja ukalisalimisha la pili. Graham akalitoa pafu zima kwa operesheni hiyo hiyo moja. Akaondoa na mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua ushuke na kuziba pengo lililobaki. Kabla ya hapo hakuna mgonjwa wa saratani aliyetolewa pafu zima namna hiyo akapona. Gilmore alipona, akarudi kuzalisha kina mama, akaishi miaka 30 zaidi.

Graham hakuishi muda mrefu kama yeye. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na ndiye aliyeandika pamoja na kijana Ernst Wynder, mwaka 1950, ile ripoti ya wagonjwa 684 iliyoihusisha sigara na saratani ya mapafu. Aliacha kuvuta, lakini alikuwa amechelewa. Mwaka 1957 saratani ya mapafu ikamuua. Mgonjwa wake alikuwa bado hai, na pafu moja.

Nimekaa kwenye benchi la bustani nikiandika jambo ambalo nadhani litaniongoza njia nzima. Siku ile ya 1933 daktari alijibu maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: naingilia wapi? La pili: natoa kiasi gani? Majibu yote mawili yalikuwa makubwa kupita kiasi, kifua wazi kabisa na pafu lote nje. Tangu hapo yote mawili yamekuwa yakipungua, lakini hayakupungua pamoja wala kwa sababu moja, na watu wengi, hata waandishi wa afya, huyachanganya. Mtu akisikia fulani amepasuliwa kwa matundu madogo ya kamera, hudhani ametolewa kitu kidogo. Sivyo. Pande zima la pafu huweza kutiwa ndani ya mfuko laini na kuvutwa nje kupitia tundu la sentimita nne. Na kifua huweza kufunguliwa wazi kwa ajili ya kutoa nyama isiyozidi kidole gumba.

Niweke na ramani, maana nitaihitaji mbele. Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili. Kila pande limegawanyika ndani kwa ndani katika vipande, na kila kipande kina mrija wake wa hewa na mshipa wake wa damu. Kwa hiyo mpasuaji ana ngazi nne za kuchagua: kutoa pafu zima, kutoa pande, kutoa kipande, au kukata kabari, yaani kuchomoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka bila kufuata mipaka ya vipande. Kufikia miaka ya 1960 kutoa pande ndiko kulikokubalika kwa saratani changa, na hakuna aliyelitikisa jambo hilo kwa muda mrefu.

London, Uingereza

Mji huu nao una historia yake ya uchungu. Mwaka 1912 Hugh Morriston Davies alitoa pande la pafu lenye saratani, akifunga mshipa mmoja mmoja kama wafanyavyo leo. Kazi ya mikono ilikuwa safi. Mgonjwa alikufa siku ya nane kwa usaha kifuani, kwa sababu elimu ya kuweka mrija wa kutoa maji na hewa baada ya operesheni ilikuwa haijakomaa. Nimeiandika habari hiyo kwa herufi kubwa daftarini. Mara nyingi kinachomponya mgonjwa wa kifua ni mrija ule mnyonge unaoning'inia kitandani, na muuguzi anayeuangalia usiku.

Nilimtembelea bi mkubwa mmoja wa Tanga anayeishi mashariki ya jiji, kwa utambulisho wa bintiye.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu, karibu ndani. Vua koti, humu mna joto.”

Hajawahi kuvuta sigara. Amepika kwa kuni na mkaa nusu ya maisha yake, na moshi wa jikoni nao umo katika orodha ya vinavyoshukiwa, ingawa hakuna awezaye kumwambia kwa hakika kilichomletea maradhi. Uvimbe wake ulionekana kwa bahati. Alipelekwa kupigwa picha ya CT kwa sababu nyingine kabisa, daktari akaona doa kwenye pande la juu la pafu la kulia. Pande hilo likatolewa kwa kamera, kupitia matundu matatu. Akanionesha mahali, juu ya kanga, kwa ncha ya kidole: hapa, hapa, na huku nyuma ya kwapa.

Kilichomuudhi si maumivu. Ni jamaa. Kwa simu kutoka Tanga walimwambia ashukuru, kumbe ni vitundu tu, na walipokuja kumtembelea wakashangaa anapumzika katikati ya ngazi. “Tundu dogo, lakini lililotoka si dogo,” aliniambia, na akarudia tena nilipokuwa nikiandika, kama anayehakikisha nimeipata. Nimeipata, bibi. Ndiyo habari yenyewe.

Kuhusu tundu dogo, Waingereza wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Utafiti uitwao VIOLET, ulioongozwa na Eric Lim wa hospitali ya Royal Brompton, uliwachukua wagonjwa 503 katika hospitali tisa, wote wakiwa wa kutolewa pande. Wakapigiwa kura: nusu wapasuliwe kwa kamera, nusu kwa kufungua kifua. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Wiki ya tano baada ya operesheni, wa kamera walikuwa wanajiweza zaidi kimwili. Matatizo wakiwa bado wodini yaliwapata asilimia 32.8 kati yao, dhidi ya asilimia 44.3 ya waliofunguliwa kifua. Walilazwa siku nne, wenzao tano. Na hapa pana mstari niliouchora mara mbili: usafi wa kuondoa saratani, pamoja na tezi za limfu zilizokutwa na ugonjwa, haukutofautiana. Tundu dogo halikumnyima mgonjwa chochote ndani, na halikumwongezea chochote ndani pia. Faida yake yote iko nje, kwenye mbavu, usingizi na uwezo wa kujifunga kanga mwenyewe.

Faida hiyo si ndogo. Kufungua kifua ni kukata kutoka chini ya bega hadi mbele ya kwapa, kisha kupanua mbavu kwa chuma. Chini ya kila ubavu unapita mshipa wa fahamu, na chuma huubana. Wapo wanaobaki na maumivu hayo kwa miezi, wengine kwa miaka. Kwa kamera mbavu hazipanuliwi.

Bi mkubwa ana mdogo wake wa kiume aliyebaki nyumbani Tanga. Naye alikohoa. Akatibiwa kifua kikuu katika hospitali moja, makohozi yakiwa hayajaonesha vijidudu, akamaliza dozi, akaanzishiwa tena. Alipofikishwa kwenye picha ya CT, maji yalikuwa yamejaa kifuani na ndani ya maji hayo mna saratani. Ndugu wawili, ugonjwa mmoja. Dada akawa na nafasi ya kuchagua kati ya kamera na kisu kirefu, na kaka hakuulizwa swali lolote, kwa sababu saratani ikishafika kwenye maji ya kifua operesheni hizi zote hazimhusu tena. Habari ya huyu kaka si ya ajabu kwetu. Kifua kikuu ni kingi, dalili zinafanana, picha za CT ni chache na ghali, na daktari wa zahanati hutibu kwanza kile anachokiona kila siku. Lakini mtu akimaliza miezi miwili ya dawa za kifua kikuu bila nafuu, na vijidudu havikuwahi kuonekana, mimi naona dozi ya pili bila picha ya CT ni kosa la kulipigia kelele.

Liko na jambo jingine linalotuhusu. Kifua kikuu cha zamani huacha makovu yanayolinatisha pafu kwenye ukuta wa kifua, na huzifanya tezi za limfu kuwa ngumu na kugandamana na mishipa mikubwa. Pafu la namna hiyo halishuki kwa urahisi kamera ipite. Mpasuaji wa Afrika Mashariki anayechagua kufungua kifua mara nyingi hafanyi hivyo kwa kukosa maarifa. Anakutana na vifua vilivyopita njia nyingine.

Odense, Denmark

Mji mdogo, safi, wenye baiskeli nyingi, alikozaliwa Hans Christian Andersen. Nimekuja kwa ajili ya plasta.

Katika hospitali ya chuo kikuu ya hapa walifanya utafiti kama ule wa London, mapema zaidi, kwa wagonjwa 206, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliogopa jambo moja: mgonjwa akijua amepasuliwa kwa matundu, atajisemea hana maumivu makali, na muuguzi naye atamwamini. Basi kila mgonjwa, wa matundu na wa kisu kirefu, alibandikwa kifuani plasta kubwa za namna moja. Mgonjwa hakujua, na muuguzi aliyemuuliza maumivu naye hakujua. Katika saa 24 za kwanza, waliokuwa na maumivu ya kiasi au makali walikuwa asilimia 38 kwa kamera na asilimia 63 kwa waliofunguliwa kifua. Tofauti katika hali ya maisha iliendelea kuonekana mwaka mzima.

Nimeuliza mengi kuhusu hizo plasta, pengine kuliko wenyeji walivyotarajia. Naziheshimu sana. Ni rahisi mpasuaji kupenda chombo chake na kuona uzuri wake kwenye uso wa kila mgonjwa. Hawa walikubali kujifunika macho kwa kitambaa cha duka la dawa, ndipo wakauliza.

A Coruña, Hispania

Upepo wa Atlantiki hapa haupumziki. Mnara wa Hercules, uliojengwa na Warumi, bado unawaka taa kuongoza meli. Na katika hospitali ya chuo kikuu ya mji huu, mwaka 2010, Diego Gonzalez-Rivas alitoa pande la pafu kupitia tundu moja peke yake.

Kamera kifuani ilikwisha kuwepo. Giancarlo Roviaro wa Milano alitoa pande kwa kamera mwaka 1991, wengine Marekani wakafuata, na Wadenmark wa Copenhagen wakaweka utaratibu wa matundu matatu ambao umeenea dunia nzima. Tundu moja lilitumika Napoli kwa kazi ndogo za kabari. Kulitumia kwa pande zima, na mishipa yake mikubwa inayotoka moyoni, hilo lilikuwa jambo la mtu mwenye ujasiri.

Nilieleweshwa kazi yenyewe kwa subira kubwa. Kwanza mgonjwa hupewa nusu kaputi, na kwenye koo hupitishwa mrija wenye njia mbili, ambao mwanzo wake ni Stockholm mwaka 1949, kwa mikono ya Eric Carlens. Mrija huo humwezesha mtaalamu wa usingizi kulipumulisha pafu moja na kuliacha jingine linywee. Bila kunywea huko hakuna nafasi ya kamera wala ya chochote, na ndiyo maana naona ajabu kwamba jina la Carlens halitajwi mahali popote ambapo kamera zinasifiwa. Kisha hukatwa sentimita tatu hadi tano kati ya mbavu, upande wa mbele. Kamera hukaa pembe ya juu ya tundu, vyombo hupita chini yake. Mishipa hufungwa na kukatwa kwa stepla ndefu inayopiga mistari ya pini na kukata katikati kwa wakati mmoja. Kinachotolewa hutiwa mfukoni kwanza, seli za saratani zisiguse ukuta wa kifua wakati wa kutoka.

Mbinu hii imeenda mbali. Hospitali ya mapafu ya Shanghai, ambako Gonzalez-Rivas pia amefanya kazi na kufundisha, ni miongoni mwa zinazofanya operesheni nyingi zaidi za mapafu duniani, na wapasuaji wa mabara yote huenda kujifunza huko.

Je, tundu moja ni bora kuliko matatu? Nimelipima swali hili kwa makini, na nimekuja na jibu ambalo halitawafurahisha wenyeji wangu wakarimu. Hatua ya kutoka kwenye kufungua kifua kwenda kwenye kamera ni kubwa, na mgonjwa huiona mwenyewe. Hatua ya kutoka matundu matatu kwenda moja ni ndogo mno, na kama ningelazimika kuchagua kati ya daktari wa tundu moja afanyaye operesheni hii mara chache kwa mwaka na daktari wa matundu matatu aifanyaye kila wiki, singefikiri mara mbili. Mshipa mkuu wa damu wa pafu ni laini. Ukichanika, dakika zinazofuata zinategemea mikono iliyokwisha kuliona jambo hilo, na iliyo tayari kufungua kifua mara moja bila kuona haya.

Pisa, Italia

Hapa Franca Melfi alianza operesheni za pafu kwa roboti mwanzoni mwa miaka ya 2000, miongoni mwa wa kwanza duniani. Jina roboti hupotosha. Mashine haifanyi lolote peke yake. Mpasuaji hukaa pembeni, uso ndani ya kioo kinachomwonesha kifua kwa kina, na vidole vyake vikisogea, mikono ya chuma juu ya mgonjwa husogea vilevile. Vyombo vina vifundo kama vya mkono wa mtu, hupinda pale ambapo vyombo vilivyonyooka havifiki. Kwa mashine nyingi, anachokikosa ni kuhisi kwa ncha za vidole.

Kwa kusafisha tezi za limfu, roboti imeonesha ubora: tafiti zilizoilinganisha na kamera ya kawaida zimehesabu tezi nyingi zaidi zilizotolewa. Gharama ni kubwa sana, ya mashine na ya vifaa vinavyotupwa baada ya matumizi machache. Nchi inayokosa picha za CT wilayani isianze kuzungumza juu ya roboti.

Tokyo, Japani

Kituo cha taifa cha saratani kiko Tsukiji, jirani na lilipokuwa soko maarufu la samaki kabla halijahamishiwa Toyosu mwaka 2018. Huku swali la kwanza, la njia ya kuingia, halizungumzwi sana. Limekwisha kuzoeleka. Wanachohangaika nacho ni swali la pili, na kwa hilo naona Tokyo ndiko safari ilikostahili kukaa muda mrefu.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1995 Robert Ginsberg na Lawrence Rubinstein walichapisha matokeo kutoka Marekani na Kanada, wagonjwa 247 wenye uvimbe usiozidi sentimita tatu. Waliotolewa kipande au kabari badala ya pande zima walirudiwa na saratani pale pale kifuani mara tatu zaidi. Mjadala ukafungwa. Kwa zaidi ya miaka 25 kila mwanafunzi wa upasuaji alifundishwa: saratani changa, toa pande.

Lakini picha zilibadilika. Uvimbe wa wakati ule ulionekana kwa eksirei ya kawaida. Japani ina mashine nyingi za CT kuliko karibu nchi yoyote, na Wajapani walianza kuona vijidoa vya sentimita moja, sentimita moja na nusu, vingine vikiwa kama ukungu tu kwenye picha, bila kiini kigumu. Wakajiuliza, na ndilo swali lililonifikisha hapa, kama kanuni iliyotungwa kwa uvimbe wa sentimita tatu inapaswa kumkata pande lote mtu mwenye doa la sentimita moja na nusu.

Kutoa kipande ni kazi ngumu kuliko kutoa pande, na hili lilinishangaza mpaka nikaoneshwa. Kati ya pande na pande kuna mfereji unaoonekana kwa macho. Kati ya kipande na kipande hakuna. Fikiria chungwa ambalo vipande vyake havina utando wa kuvitenga, nawe unatakiwa ukitoe kimoja bila kukijeruhi cha jirani. Ndiyo maana kabla ya operesheni hutengeneza picha ya pafu la mgonjwa huyo huyo kwenye kompyuta, matawi yote ya hewa na damu. Wakati wa operesheni hufunga mshipa wa kipande kinachotoka, kisha hudunga rangi ya kijani iitwayo indosianini kwenye damu. Kamera maalumu huonesha pafu zima likimeta, isipokuwa kipande kile ambacho damu haikifikii. Mpaka unajichora wenyewe kwa dakika chache, na mpasuaji huuwekea alama upesi kabla haujafifia.

Kati ya 2009 na 2014, hospitali 70 za Japani ziliwapigia kura wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita mbili, pande au kipande. Matokeo yaliandikwa na Hisashi Saji na wenzake mwaka 2022. Baada ya miaka mitano, waliotolewa kipande waliokuwa hai ni asilimia 94.3. Waliotolewa pande, asilimia 91.1. Kipande kilishinda.

Hata hivyo saratani ilirudi kifuani mule mule kwa asilimia 10.5 ya wa kipande, na asilimia 5.4 tu ya wa pande. Mara mbili! Soma tena namba hizo. Waliorudiwa zaidi ndio walioishi zaidi. Vifo vilivyotokea kundi la pande vilikuwa 83, na 52 kati yake havikutokana na saratani ile ya kwanza: maradhi mengine, saratani nyingine. Kundi la kipande vifo vilikuwa 58, na vya namna hiyo 27. Tafsiri ya wengi ni kwamba aliyebakiwa na pafu zaidi ana akiba. Likija pigo jingine baadaye, homa ya mapafu au saratani mpya, anaweza kulipokea na kutibiwa, hata kupasuliwa tena. Mimi naikubali tafsiri hiyo, lakini si bila wasiwasi, kwa sababu kipimo cha pumzi baada ya mwaka kilipungua kwa asilimia 8.5 kwa wa kipande na asilimia 12 kwa wa pande. Tofauti ya asilimia tatu na nusu ni chini ya ile ambayo watafiti wenyewe walikuwa wameitarajia, na peke yake haitoshi kunielezea vifo vyote vile.

Mwaka uliofuata zikaja habari za Amerika Kaskazini na Australia, zilizoongozwa na Nasser Altorki wa New York: wagonjwa 697, uvimbe usiozidi sentimita mbili. Wao waliruhusu hata kabari, na zaidi ya nusu ya waliokatwa kidogo walikatwa hivyo. Waliobaki hai bila saratani kurudi baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 63.6 kwa waliokatwa kidogo, 64.1 kwa pande. Karibu sawa. Ila kuna sharti ambalo magazeti yaliliruka. Kabla ya kura kupigwa, mgonjwa akiwa tayari amelala mezani, tezi zake za limfu zilitolewa na kupimwa papo hapo, ili kuthibitisha kuwa saratani haijatoka nje ya pafu. Aliyekutwa nayo hakuingizwa. Kwa hiyo anayesema kabari inatosha, bila kutaja tezi, amesimulia nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoua.

Amsterdam, Uholanzi

Nilidhani maswali ni mawili. Hapa wameniongezea la tatu: kuna haja ya kisu chenyewe?

Mionzi iliyolengwa, inayotoka pembe nyingi na kukutana kwenye uvimbe mmoja, ilianzia Karolinska, Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa hulala mezani mara tatu hadi tano, bila nusu kaputi, bila mrija, kisha huenda nyumbani. Kwa mzee ambaye moyo au pumzi zake hazihimili operesheni, hii si nafuu ya pili. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa wagonjwa wa aina hiyo, uvimbe uliotibiwa ulibaki umedhibitiwa kwa zaidi ya asilimia 97 baada ya miaka mitatu. Uholanzi iliieneza mapema kwa wazee, na watu ambao zamani waliachwa bila matibabu wakaanza kutibiwa.

Ugumu uko kwa mgonjwa mwenye nguvu, anayeweza kupasuliwa. Waholanzi walijaribu kuwapigia kura watu kama hao, kisu au mionzi. Watafiti wa Texas na wenzao wakajaribu pia. Tafiti zote mbili zilifungwa mapema kwa kukosa watu, na mwaka 2015 zilipounganishwa zilikuwa na wagonjwa 58 tu. Mionzi ilionekana vizuri, lakini watu 58 hawabebi uamuzi wa dunia. Nimezungumza na muuguzi aliyewahi kuwaeleza wagonjwa jambo hili, na alieleza vizuri kwa nini walikataa: mtu hukubali kupigiwa kura kati ya kisu kirefu na kifupi, ila si kati ya kupasuliwa na kutopasuliwa. Hilo kila mtu huingia chumbani akiwa amekwisha kuliamua moyoni, na wengi wamesikia habari ya jirani.

Hospitali za askari wastaafu wa Marekani zimelirudia jaribio hilo tangu 2017 kwa utafiti uitwao VALOR, kwa lengo la wagonjwa mamia kadhaa, watakaofuatiliwa angalau miaka mitano. Kwangu tofauti iko hapa: mionzi ikishaua uvimbe, hakuna nyama ya kuiweka chini ya darubini, wala tezi. Mpasuaji, awe na tundu moja au matatu, roboti au kisu cha Graham, hutoka na bakuli la tezi zinazosema kama saratani ilikuwa imeanza safari. Kwa sababu ya bakuli hilo, mpaka majibu ya wastaafu hao yatoke, mtu mwenye moyo na pumzi za kutosha ningemshauri apasuliwe. Kwa kamera kama kifua kinaruhusu, kipande kama uvimbe haujazidi sentimita mbili na tezi ni safi, pande kama sivyo.